Hakuna Anayesoma Orodha

Jumatatu, 10 Novemba

Theluji ya majimaji tangu alfajiri. Tartu nzima rangi ya zege. Kahawa, mkate mweusi, kisha, kama kila asubuhi, tovuti ya serikali: orodha ya watu waliofungua taarifa zangu. Daktari wa meno, mara moja. Basi. Nilihisi kusahauliwa kidogo.

Utafiti wangu wa miaka minne unadai kwamba Mwestonia huiamini serikali ya kidijitali kwa sababu anaweza kuisoma orodha hiyo. Lakini kwamba, kwa hakika, hakuna anayeisoma. Mimi sijihesabu. Mimi ni mtaalamu.

Nafasi ya mhadhiri mwandamizi ni moja, waombaji wawili: mimi na Aivo, ambaye husafiri kutoka Tallinn, hukaa meza inayoelekeana na yangu, na hunyamaza kama mtu aliyekwisha kuahidiwa kazi. Usaili ni Ijumaa. Mkataba wangu unakwisha Desemba. Nikikosa, narudi kwetu Valga kufundisha wastaafu namna ya kuchomeka kadi ya kitambulisho kwenye kompyuta.

Jumanne, 11 Novemba

Aivo ameleta boksi la vitabu. Zaidi ya hayo, ndara zake za sufu! Ameziweka chini ya meza na kuziacha. Nani huacha ndara mahali asipokusudia kubaki? Nilimuuliza kama anahamia Tartu. Akasema labda. Kwa Aivo, hiyo ni hotuba.

Wazo. Aliyeahidiwa kazi huhamisha anwani yake rasmi. Mradi wetu una ruhusa ya kufungua anwani katika daftari la wakazi, ila za wahojiwa tu. Kwa hiyo nimemfanya Aivo mhojiwa. Sampuli ni ya nasibu: nilifumba macho nilipokuwa nikiandika jina lake.

Anwani bado ni ya Tallinn. Nikafungua tena baada ya chakula, na tena kabla ya kuondoka, kwa kuwa kipimo kimoja si ushahidi.

Jumatano, 12 Novemba

Sauna ya idara, chumba cha mvuke, zamu ya wanawake. Nilijipangia benchi la juu, ubavuni mwa Profesa Urve, mwenyekiti wa jopo la usaili. Joto humlegeza mtu. Nilimweleza kwamba orodha haisomwi na yeyote. Akayamwagia maji mawe ya moto, akauliza nina hakika kiasi gani. Nikasema asilimia tisini na tisa. Naijutia ile moja. Pengine ilinionyesha dhaifu. Akamwaga kata nyingine. Nilitoka mwekundu kama bitiruti, bila habari yoyote.

Alhamisi, 13 Novemba

Aivo aliingia, akavua viatu, akavaa ndara, akafanya kazi saa nzima. Kisha, bila kuinua kichwa:

“Maive, Jumanne umefungua anwani yangu mara tatu. Saa nne, saa saba na nusu, saa kumi na moja kasoro robo.”

Nikamweleza kwamba ameteuliwa kwa nasibu. Akauliza wenzake walioteuliwa ni kina nani. Nikasema sampuli bado changa.

“Haya, nihoji basi, mwenzangu.”

Sikuwa na pa kutokea. Swali la kwanza la dodoso, nililolitunga mwenyewe: je, husoma orodha ya waliofungua taarifa zako? Akasema kila asubuhi, na kahawa. Nikaandika “hana jibu.” Akainama juu ya karatasi.

“Andika nilivyosema, bwana.”

Nikaandika. Nilipouliza habari za ndara, alisema sakafu ni baridi. Vitabu ni vya maktaba; anavirudisha.

Ijumaa, 14 Novemba

Aivo alitangulia. Aliliambia jopo kwamba raia huisoma orodha, na kwamba ushahidi anao: mtafiti fulani, mwenye bidii sana, aliyenaswa na orodha hiyohiyo. Hakunitaja. Nilipoingia, wote watano walikuwa wakitazama meza.

Kazi ameipata Aivo.

Profesa Urve alinibakiza. Akasema anaweza kuniombea mkataba wa mwaka mmoja, mradi nimwandikie Aivo barua ya radhi, na nisifungue tena taarifa za mtu asiye mhojiwa. “Mwaka mmoja, Maive. Usiuchezee.” Nilikaribia kulia.

Jumamosi, 15 Novemba

Barua nimeituma. Nimetafakari kwa utulivu na kujiuliza kama nilikosea. Inawezekana. Hata hivyo, Aivo ni mtaalamu, kama mimi; kwa haki, hahesabiki. Nadharia yangu haijaguswa. Inachohitaji ni mhojiwa mmoja mwenye shughuli nyingi, asiye na muda wa kusoma orodha, na ambaye maoni yake yana uzito chuoni.

Sharti la Profesa nimelizingatia kikamilifu. Kwanza nimemwandikisha Profesa mwenyewe kuwa mhojiwa. Ndipo nikafungua anwani yake, mara moja tu. Kisha mara ya pili, kwa ajili ya usahihi.

Hatasoma. Nina hakika asilimia tisini na nane.