Nirudishie Mashavu ya Kitinda Mimba Wangu

Kwako Daktari wa Viungo, chumba cha mwisho karibu na mizani.

Shikamoo sikupi, maana kwa umri wewe ni mwanangu. Pokea heshima zangu tu. Mimi ni yule mama fundi cherehani ambaye kila kliniki huingia na binti yake na kujibu maswali anayoulizwa binti. Nakushukuru kwa dawa ulizompa binti pale askari wa mwili wake walipomgeukia mwenye nyumba, wakamvimbisha vidole hata sindano ikamshinda. Vidonge vile vidogo vilifanya kazi. Kosa lako ni kwamba sasa unavipunguza, na hukuniuliza.

1. Mashavu. Kitinda mimba wangu alikuwa na mashavu ya kujaa, uso mviringo kama sahani ya wageni. Wewe ulisema ni dawa. Mimi niliwaambia wanawake wa kikundi chetu kwamba ni supu yangu ya mifupa, wakaja na sufuria zao nikawafundisha. Hadi leo wanawanywesha watoto wao na kusubiri. Sasa mashavu ya kwangu yanasinyaa mbele ya macho yao, na mke wa fundi bomba ameniuliza kwa upole kama mifupa imeadimika.

2. Hamu ya kula. Zamani alikomba sufuria hadi haikuhitaji kuoshwa. Juzi alibakiza. Mtoto wangu mimi, abakize.

3. Usafi. Enzi za vidonge vingi usingizi ulimpaa, basi kabla hakujapambazuka vyombo vinang'aa na kuta zimefutwa. Sasa analala kama watu wengine, na ufagio umerudi kwangu.

4. Ukali. Shemeji yangu, bingwa wa kufika chakula kikiiva, alikuwa akisikia sauti ya binti anapita moja kwa moja kana kwamba hatujui. Sasa binti amekuwa mpole, anamwambia karibu baba mdogo. Shemeji amerudi, tena na rafiki.

5. Tezi. Unasema kuna tezi ndani yake iliyolala kwa sababu dawa ilikuwa ikiifanyia kazi, na kwamba unaiamsha taratibu, ndiyo maana anachoka na ndiyo maana asiache ghafla. Daktari, kwenu hawakukuambia aliyelala usimwamshe, ukimwamsha utalala wewe? Aliyelala sasa ni binti, mchana kweupe, juu ya sare za wateja. Tena haba na haba hujaza kibaba. Wewe ndiye wa kwanza kuitumia kukimaliza.

6. Hili naliandika kwa herufi ndogo. Kila unapopunguza, mimi humtazama vidole anaposhika kikombe. Yeye huniambia, mama, nitazame usoni.

Kwa hiyo naomba umwachie japo robo kidonge, ya mashavu tu. Ikishindikana, nipe cheti chenye mhuri kwamba mashavu yaliletwa na supu na kuondolewa na hospitali. Hilo nalo likishindikana, njoo mwenyewe kikaoni, uketi katikati ya wanawake ujieleze, na supu utaimaliza.

Nisalimie mlinzi wa getini, na muuguzi wa mizani, umwambie sijasahau alivyotangaza uzito wangu wakati mgonjwa si mimi.

Anayekudai mashavu,
Mama Fundi

Nyongeza: Kabla sijafunga bahasha binti ameamka, akanikuta nahangaika kutunga uzi kwenye sindano. Akaninyang'anya, akaupitisha mara moja bila hata kukunja jicho. Kisha akabana kiuno cha gauni lake la zamani, lile nililolifumua kulipanua, akalivaa, akaniuliza limemkaaje. Nikamtazama usoni. Huo ndio uso niliouzaa, na nilikuwa nimeanza kuusahau. Daktari, endelea kupunguza, polepole hivyo hivyo, wala usiongeze hata chembe. Barua hii usiisome. Ila wanawake wa kikundi wakikuuliza, yale mashavu yalikuwa ya supu.