Mbwa Aliyeomba Talaka

Jumatatu, 3 Machi

Nimepuuzwa tena. Jana niliwapendekezea wenzangu wa kundi la filamu za Kikorea filamu nzuri kabisa ya mpishi kipofu. Wote wameusoma ujumbe, alama za buluu ninaziona. Kimya. Baadaye Profesa akapendekeza ya kwake, na vidole gumba vikamiminika. Profesa si profesa wa chochote. Ni karani wa bima anayeanza kila sentensi kwa "kimsingi".

Kanuni ya kundi ni kwamba filamu ikipigiwa kura, aliyeipendekeza anawakaribisha wote kwake Jumamosi mchana. Kwa Profesa wameshakwenda mpaka wanajua taa ipi haiwaki. Kwangu hajawahi kufika mtu. Si kwamba ninaumia. Ninaumia kidogo.

Mpango: nipate filamu ambayo hakuna aliyeiona. Fundi simu, jirani wa duka la miwani ninakofanya kazi, anayo moja. Haina tafsiri, ila maandishi ya tafsiri yako kwenye faili la pembeni. Alikuwa na mafaili chungu nzima, hayakumbuki vizuri, akanipa lililokuwa juu. Akasema faili na filamu nivipe jina moja, vitaungana vyenyewe. Vimeungana mara moja. Dalili njema.

Jumanne, 4 Machi

Nimelia. Sijawahi kuona filamu yenye kina namna hii. Mwanamke anapara samaki sokoni, na maandishi yanasema, "Ipigie simu nyumba yetu, huenda mtu akapokea." Askari mwenye bunduki amesimama kwenye mvua, anamwambia mwenzake, "Supu imepoa, lakini nilikusubiri." Hapo nilisimamisha filamu nikaenda kunawa uso. Supu yangu nayo hupoa, ila sina ninayemsubiri.

Mahali pengine midomo imefumbwa na maneno bado yanakuja. Huo ndio usanii! Kuna mbwa anabweka, na chini pameandikwa, "Naomba talaka." Mtu wa kawaida angelalamika. Mimi nilielewa papo hapo. Mbwa ni roho ya mume.

Alhamisi, 6 Machi

Nimewatumia wanakundi uchambuzi mrefu. Nimeeleza samaki, supu, na hasa mbwa. Kundi limewaka moto. Muuguzi, ambaye kwa kawaida huandika "asante" tu, ameuliza kama kweli mbwa anaomba talaka. Nikamjibu atafakari zaidi. Profesa kaingia mitini kutwa nzima. Raha iliyoje.

Jioni wakapiga kura. Nimeshinda! Wanakuja kwangu Jumamosi. Nimeisoma tena ile sentensi nikiwa nimesimama jikoni. Wanakuja kwangu.

Ijumaa, 7 Machi

Nyumba yangu ina kiti kimoja. Nimemwomba tajiri wangu viti vya wateja wanaosubiri kupimwa macho. Amekubali, ila ameuliza mara mbili kama kweli nina wageni. Nimemwambia wageni ni kawaida yangu. Akaendelea kufuta vioo.

Nimefua pazia. Nimesukuma kitanda mpaka kimegota ukutani. Kiti cha Profesa nimekiweka nyuma ya kabati, ambako ataona nusu ya filamu na pua ya Muuguzi.

Dada amepiga simu kuuliza kama nimekula. Nikamwambia kesho nina wageni. Akasema nivae shati la buluu, linanipendeza, na nisiwe mjuaji. Sikuelewa alichomaanisha.

Jumamosi, 8 Machi

Nitaandika haraka, kabla sijabadili mawazo.

Walikuja. Wote! Viatu vilijaa mlangoni mpaka nikaviruka. Profesa hakukaa nyuma ya kabati, alikaa kwenye kiti changu. Kisha akasema kwamba, kimsingi, aliitafuta filamu yangu siku mbili akaipata, picha safi zaidi, na tafsiri imo ndani kabisa. Akatoa flashi. Ningekataaje mbele za watu?

Filamu ni ileile. Soko lilelile, mwanamke yuleyule, samaki walewale. Akafungua mdomo, na maandishi yakasema, "Kilo ngapi?" Askari akasimama kwenye mvua, akasema, "Geuza lori." Mbwa akabweka. Chini hapakuandikwa kitu.

Ni filamu ya askari wanaoiba mafuta ya magari. Hakuna talaka. Hakuna hata mume.

Wote wakanigeukia. Profesa alicheka mpaka akashuka kwenye kiti. Akasema kimsingi nilibandika maandishi ya filamu nyingine, na kwamba hajawahi kufurahi hivi tangu ajiunge na kundi. Akaniomba niisimulie tena ile ya mbwa, kwa sauti yangu. Na wengine wakaomba pia. Chumba changu hakijawahi kuwa na kicheko kile. Kwa nukta moja nilitaka kucheka nao.

Badala yake nikawaambia kwamba hiyo waliyoiona imekatwakatwa kwa ajili ya watazamaji wa nje, na kwamba ile halisi ninayo mimi. Wakacheka. Nikaongeza kwamba wasioelewa mbwa hawataelewa sinema. Wakacheka kidogo. Nikaongeza kwamba watu wa bima hawana roho. Hapo hakuna aliyecheka. Wakaanza kutafuta viatu.

Muuguzi alibaki kuosha vikombe. Akasema yale maneno ya supu, niliyoyaandika Alhamisi, hayajamtoka kichwani. Yeye akirudi kutoka zamu hukuta nyumba kimya na chakula kimepoa. Akaniomba aje siku moja tuiangalie pamoja, kwa maandishi yaleyale yasiyo ya filamu hiyo. Moyo ulinidunda. Kisha nikashtuka. Ametumwa na Profesa! Wanataka ushahidi wa kunicheka mwaka mzima. Nikamwambia faili nimelifuta. Akasema haya. Akafunika vikombe kwa kitambaa, akaenda.

Jumapili, 9 Machi

Dada ameuliza wageni walikuwaje. Nikasema walifurahi sana. Akauliza na mimi je. Nikasema chai iko jikoni inachemka, nitampigia. Hapakuwa na chai.

Nimeiangalia tena filamu, kwa maandishi yangu. Viti vya duka bado vipo, vimeelekea ukutani kama vile watu wametoka mara moja kidogo. Najua sasa kwamba yule askari hakuwahi kusema habari ya supu. Aliposema, nililia palepale.

Nina upweke. Nimeiandika, basi.

Jumatatu, 10 Machi

Muuguzi ameniandikia, pembeni, si kwenye kundi. Anasema Jumamosi hana zamu. Kama faili limepatikana, atakuja na supu, tuiache ipoe makusudi. Mtego wa wazi kabisa. Huyu Profesa ana akili, lakini hajui anacheza na nani. Nimemjibu Muuguzi kwamba nimebanwa na shughuli. Kaandika "asante".

Viti nimevirudisha dukani, isipokuwa kimoja. Tajiri kauliza cha nani. Nikamwambia cha kuwekea mkoba.

Habari njema ni kwamba fundi simu amepata filamu nyingine ya Kikorea. Hii Profesa hataipata kamwe. Haina tafsiri, lakini kulikuwa na faili lingine la maandishi juu ya mengine. Nimevipa jina moja. Vimeungana mara moja.