Kamati ya Kuzoesha Injini ya Krähenstett

Wakazi wote wa Wilaya ya Krähenstett wanaarifiwa, na wa wilaya jirani waone wivu, kwamba Ofisi ya Mkuu wa Wilaya imepata Chombo cha Mwitikio wa Haraka chenye nguvu za farasi mia sita. Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa Jumatatu asubuhi kwenye kioo cha lango kuu, likiwa na mihuri miwili. Chini yake mtu asiye na adabu alikuwa ameandika kwa penseli: mwitikio wa nini?

Swali hilo halikustahili jibu, lakini jibu lipo. Wilaya ina vijiji kumi na vinne, ng'ombe wengi na maafa machache. Mwaka uliopita Mkuu wa Wilaya, Dakta Hartwig Stötzle, alichelewa dakika nne kwenye ufunguzi wa choo cha umma, na utepe ukakatwa na naibu wake. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Basi akaagiza gari jeusi, la chini chini, linalotoka sifuri hadi mia kwa sekunde tatu na nusu, akalitengea sehemu mbili za kuegesha: moja ya gari, moja ya heshima yake.

Gari lilipelekwa kwanza karakana ya wilaya, kwa Roswitha Gekeler. Yeye alikuwa fundi mkuu pale kwa miaka ishirini na sita, na chini yake kulikuwa na mafundi wawili, magari ya kusukuma theluji na matrekta ya kukata nyasi za kando ya barabara. Alikisoma kitabu cha mtengenezaji akiwa amesimama, huku akitafuna brezeli, mkate wa kusokotwa, yenye siagi. Kisha akajifuta mikono akaenda kumwona Ottmar Bürkle, Msimamizi wa Kitengo cha Vyombo vya Moto, ambaye pia alikuwa jirani yake wa ghorofa moja.

"Injini mpya bado haijajijua," alimwambia. "Ringi za pistoni na kuta za silinda ni wageni, lazima zisuguane mpaka zizoeane. Oili ipate moto kwanza. Halafu unaipandisha mlima, unaiachia ishuke, unabadili mwendo kila mara. Usivuke mizunguko elfu nne kwa dakika, usikanyage mafuta mpaka mwisho. Kilomita elfu mbili tu. Nipe siku nne milimani, nikirudi namwaga oili, kazi imeisha."

Ottmar aliandika yote, kwa sababu alikuwa mtu wa kuandika.

"Siku nne," alisema. "Na nani atakusimamia?"

"Nisimamiwe nini, jirani? Naendesha gari."

"Ndiyo maana nauliza."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Kamati ya Muda ya Kuzoesha Injini. Ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, mwenyekiti akiwa Dakta Stötzle mwenyewe, na Ottmar katibu. Fundi hakuwekwa, ili kuepuka mgongano wa maslahi, kwa kuwa yeye peke yake ndiye aliyekuwa na maslahi ya injini kupona. Kikao cha kwanza kilisoma kitabu cha mtengenezaji hadi neno "usizidishe", kikaridhika hapo. Yaliyofuata, kama kupanda milima na kubadili mwendo, yalionekana kuwa ushauri, na kamati haikuundwa ili ishauriwe.

Kiwango cha mizunguko elfu nne kilijadiliwa kwa tahadhari inayostahili. Ofisi ya Mkuu ilipunguza mia tano, kwa usalama. Idara ikapunguza mia tano nyingine, kwa kuwa ofisi ya juu imeshaonyesha njia. Mwanasheria alipunguza, ofisa wa afya kazini alipunguza, na waraka ulipomfikia Ottmar alikuta elfu mbili na mia mbili, akaona namba haijakaa vizuri, akaandika elfu moja na mia tano. Kwa kiwango hicho, gari la farasi mia sita lilikwenda kilomita thelathini kwa saa, bila kupanda mlima wowote, kuuzunguka mji wa Krähenstett.

Sasa nani aendeshe? Hapo kamati haikuhitaji kufikiri, na hilo ni jambo ambalo hufanya vizuri. Kila jengo la Krähenstett lina wiki ya ufagio. Kibao cha mbao hutundikwa mlangoni kwa mwenye zamu, naye huifagia ngazi Jumamosi, iwe chafu iwe safi, kisha kibao huhamia mlango wa pili. Matope yakionekana wiki yako ni yako, hata kama viatu vilikuwa vya mwingine. Ottmar aliishi kwa sheria hiyo tangu utotoni. Kila Roswitha alipomaliza kufagia, yeye alifungua mlango wake kidogo na kusema kwa upole: "Umeacha pale kwenye kona." Kwa miaka kumi na minane Roswitha alirudi kufagia kona, na kwa miaka kumi na minane kona ilikuwa safi.

Basi kikachongwa Kibao cha Injini, kimezungushiwa nakshi, na Kanuni zikapitishwa. Kifungu cha tisa kilisema: mwenye kibao mlangoni ndiye anayeshika usukani, na hitilafu itakayotokea wiki yake ni yake, mpaka aiondoe kwa mkono wake na kukabidhi. Zamu zilikuwa ishirini, kilomita mia kila moja. Zamu ya ishirini ilipangiwa karakana.

Roswitha aliiona ratiba akaielewa mara moja. Alielewa zaidi alipooneshwa azimio ambalo Dakta Stötzle alikuwa ameliandaa mapema, likiwa na nafasi ya jina iliyoachwa wazi: endapo injini itaharibika, kitengo chenye kibao mlangoni kifungwe, na kazi zake zikabidhiwe wakala wa nje. Mkuu alikuwa ameitamani karakana kwa miaka miwili, kwa sababu ilikuwa na dirisha linalotazama mto na yeye alitaka ukumbi wa kupokelea wageni. Roswitha alikasirika, kisha akaogopa. Fundi wake mmoja alikuwa na watoto watatu, mwingine alikuwa anakaribia kustaafu, na yeye mwenyewe hakujua kazi nyingine wala hakuitaka.

Zamu zikaanza. Ofisa wa Kumbukumbu aliendesha kilomita mia kwa mwendo mmoja, mikono yote miwili kwenye usukani, wala hakubadili gia, kwa kuwa hakuna aliyemwagiza. Ofisa wa Misitu aliwasha injini kila asubuhi kwenda kununua mkate mita mia tatu, akaizima ingali baridi. Katika zamu ya saba Bi Pfisterer, mwenye miaka themanini na moja, alilipita gari kwa baiskeli, akageuka nyuma kutazama.

"Limeharibika, mwanangu?"

"Hapana, bibi," alijibu mwanasheria wa wilaya kutoka dirishani. "Linazoeshwa."

"Lizoee nini?"

Mwanasheria aliandika namba ya baiskeli.

Kila Ijumaa Roswitha alichomoa kijiti cha kupimia oili, na kila Ijumaa oili ilikuwa imepungua. Alijua kilichokuwa kinatokea. Injini isiyopewa mzigo, ringi zake hazikai, kuta za silinda zinajipaka utando na kuteleza kama sahani, na oili inapita kwenda kuungua. Aliandika barua tatu. Kwenye ya tatu aliandika kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, na huyu anakauka. Kamati ilijibu kwamba haishughuliki na samaki. Kuhusu oili, ilifurahi kusikia kwamba injini ina hamu ya kula.

Wakati huo huo ikakamilika barabara mpya ya kuuzunguka mji, kilomita tisa, na ufunguzi wake ukapangwa Alhamisi ya wiki ya ishirini. Dakta Stötzle alitangaza kwamba yeye binafsi ataziendesha kilomita za mwisho, kwa kasi inayolingana na hadhi ya wilaya. Kibao kingebaki karakana. Aliyelipanga hilo alilipanga vizuri: sifa kwa Mkuu, moshi kwa fundi.

Jumatano jioni Ottmar alipanda ngazi akiwa amebeba kibao kwapani, akataka kumkabidhi Roswitha mlangoni kwake kwa ajili ya kesho. Roswitha hakukipokea.

"Jirani, kifungu cha tisa ulikiandika mwenyewe?"

"Kwa mkono wangu."

"Mwenye kibao ndiye anayeshika usukani. Kesho anashika nani?"

Ottmar alikibana tena kibao kwapani. Alikuwa mtumishi mtiifu, na kwa miaka thelathini na moja hajawahi kumpinga mkubwa. Lakini pia hajawahi kuvunja kanuni, na hakuwahi kufikiria kwamba hayo mawili yanaweza kukutana kwenye ngazi moja. Alisimama pale mpaka taa ya ngazi ikajizima yenyewe. Akaiwasha tena.

"Mkuu," alisema.

"Basi hicho ni kibao cha nani?"

Asubuhi na mapema Ottmar alikuwa mlangoni pa Ofisi ya Mkuu, anatoka jasho. Alieleza kwamba ama Mheshimiwa amwachie fundi usukani, ama Mheshimiwa apokee kibao. Dakta Stötzle alikitazama kibao, akaziona nakshi, akauliza kama mpiga picha ameshafika. Akapigwa picha tatu akiwa kando yake, moja akiwa ameweka mkono kiunoni. Kisha akatia sahihi ya kupokea bila kusoma, maana kusoma ni kazi ya walio chini.

Saa tano watu walikuwa wamejaa kwenye barabara mpya. Bendi ya zimamoto ilipiga, soseji zilichomwa, wachungaji wa madhehebu mawili walisubiriana nani aanze. Roswitha alikuwa amejaza oili mwenyewe alfajiri, kwa sababu injini haikuwa na kosa. Aliinama dirishani kwa Mkuu, akamwambia waziwazi, mbele ya Ottmar na mwandishi wa gazeti:

"Mheshimiwa, ipashe moto kwanza. Robo saa tu, polepole. Na usikanyage mafuta mpaka mwisho, hii haijazoea kazi."

"Bi Gekeler," alisema Dakta Stötzle, "gari hili si sufuria ya maziwa."

Akakata utepe kwa bampa, akakanyaga mafuta mpaka sakafuni.

Lazima isemwe kwamba gari lilikwenda. Kwa sekunde kumi na moja wilaya iliitikia haraka kuliko ilivyowahi kuitikia. Halafu moshi wa buluu ukatoka, mwingi, ukaifunika bendi, na aliyekuwa na tarumbeta kubwa akaendelea kupiga kwa sababu hakuona kwamba wenzake wameacha. Ndani ya moshi kukasikika kishindo kimoja kikavu. Moshi ulipopungua, gari lilikuwa limesimama kilomita mbili mbele, na kutoka kwenye utepe mpaka lilipo, mstari mweusi wa oili ulikuwa umechorwa katikati ya lami mpya. Bi Pfisterer alifika pale kwa baiskeli, wa kwanza, akauliza kama sasa limezoea.

Kamati ilikutana Ijumaa. Dakta Stötzle alifungua kikao kwa kusikitishwa na uzembe wa karakana, akaliweka mezani azimio lake lenye nafasi ya jina. Ottmar, kama katibu, alitakiwa kuijaza. Alisoma kifungu cha tisa. Alisoma hati ya mapokezi yenye sahihi. Aliionyesha picha, ile ya mkono kiunoni. Kisha, kwa mwandiko wake mzuri, akajaza jina la kitengo kilichokuwa na kibao mlangoni, na akasoma azimio lote kwa sauti: Ofisi ya Mkuu wa Wilaya ifungwe, na kazi zake zikabidhiwe wakala wa nje.

Ofisa wa Kumbukumbu aliuliza kama azimio liko katika umbo sahihi. Mwanasheria alisema liko, limeandaliwa na Mkuu mwenyewe. Mikono kumi ikainuka, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuishusha.

Dakta Stötzle alikata rufaa, nayo ikachukua wiki sita. Kazi za ofisi yake zilikabidhiwa kampuni moja ya mjini, ambayo ilituma binti mmoja, Jumanne na Alhamisi, akazimaliza kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyeona tofauti, isipokuwa vibali vilianza kutoka. Rufaa ilirudi na jibu fupi: mrufani anaweza kurejea kazini siku atakapokabidhi kibao, na kibao hakikabidhiwi mpaka mwenye zamu aiondoe hitilafu kwa mkono wake. Injini mpya ilikuwa imeshawasili. Hitilafu iliyobaki ni oili ya barabarani.

Injini hiyo ya pili kamati haikuweza kuizoesha. Bila kibao hakuna zamu, bila zamu hakuna ratiba, na kibao bado kilikuwa kinaning'inia mlangoni kwa Mkuu. Kwa kukosa utaratibu wowote, ufunguo ukapewa Roswitha. Alikwenda milimani siku nne.

Siku ya nne alirudi kwa barabara mpya. Oili ilikuwa na moto, mizunguko ilikuwa elfu tatu na mia tisa, na injini iliimba sauti nzito, safi, bila hata uzi wa moshi. Mbele yake, katikati ya lami, mtu mwenye suti alikuwa ameinama na ufagio na ndoo ya unga wa mbao, ameshafika kilomita ya kwanza na nusu. Roswitha alipunguza mwendo, akashusha kioo. Dakta Stötzle aliinua kichwa, jasho likimtoka, akangojea aambiwe neno la pole.

Roswitha aliitazama lami nyuma yake kwa makini, kama alivyofundishwa kwenye ngazi kwa miaka kumi na minane.

"Mheshimiwa," alisema kwa upole, "umeacha pale kwenye kona."