Mguu Mmoja Mbele ya Meza ya Mababu

Jumatano, 7 Septemba
Siku ya kumi na tisa nyumbani tangu wanikate mguu wa kulia, juu ya goti. Kidole ambacho hakipo kimeniwasha kutwa nzima. Nimekuna hewa. Mal-lyeon, mke wangu, akauliza kama nimekipata. Mke gani huyu!

Mchana kaja mdogo wangu Pil-gyu na kasha la mapeasi. Kumbe hakuja kunipa pole. Anataka Chuseok hii, sikukuu yetu ya mavuno, aongoze yeye ibada ya mababu. "Kaka, we pumzika tu. Kwani kusujudu utasujuduje?" Miaka thelathini na moja nimesimama mbele ya ile meza, mimi kifungua mimba, yeye nyuma yangu akipiga miayo! Wameshachukua mguu, sasa wanataka na nafasi. Nimemwambia nitasujudu kumshinda. Mapeasi yamefungiwa kabatini. Sukari, eti.

Ijumaa, 9 Septemba
Mazoezi. Mbinu: mto chini ya kigutu, mkono kwenye kishikio cha kabati. Kushuka, safi. Kuinuka, kabati likanifuata. Katika vyombo vyote alivyokuja navyo Mal-lyeon siku ya harusi, yamebaki mabakuli mawili. Kasema nilikuwa mjinga kwa miguu miwili, na nilichopunguza ni mguu tu.

Nimelia chooni. Si kwa ajili ya mabakuli.

Jumapili, 11 Septemba
Nimempigia simu Baba Mkubwa, mzee wa ukoo, kuomba ruhusa ya kukaa kitini. Akajibu kwamba mababu si vinyozi. Kisha akaniuliza sukari imefika ngapi. Hata yeye anajua! Pil-gyu huyo.

Basi, mazoezi tena. Nimerukaruka kwa mguu wa kushoto mara mia. Nimepata lengelenge kisiginoni. Dogo tu. Lile la Aprili nalo lilikuwa dogo, la viatu vipya. Nikalificha wiki tatu nisikose safari ya makaburini. Lakini lile lilikuwa la kulia.

Jumanne, 13 Septemba
Daktari kamwagiza Mal-lyeon akague mguu wangu kila jioni. Zamani ningemwonyesha ule mwingine. Nimevaa soksi mbili, nikasema nasikia baridi. Akaniangalia sana. Akaniita Baba Tae-sik kwa sauti ya upole, ambayo sijaisikia tangu hospitalini. Nilikaribia kusema. Nikamfokea badala yake.

Alhamisi, 15 Septemba
Chuseok! Watu kumi na wanne nyuma yangu. Pil-gyu amevaa suti, anasubiri nianguke. Nikashusha magongo. Nikapiga goti moja, nikaweka kigutu kwenye mto, paji la uso sakafuni. Sujudu ya kwanza, safi kama ya kijana!

Ya pili ilihitaji nisimame kwanza. Sikuweza.

Lakini kwetu hakuna anayeinua kichwa kabla ya kiongozi. Nikabaki chini. Wote wakabaki chini. Dakika moja. Dakika tano. Magoti ya Pil-gyu yakaanza kulia. Shangazi akanong'ona kwamba maskini, anaongea na marehemu baba yake. Sikuwa naongea na mtu. Pembeni mwa meza, karibu na pua yangu, palikuwa na sahani ya keki za asali, na macho yote yalikuwa sakafuni. Nimekula tatu.

Mwisho Pil-gyu kaninyanyua kwa makwapa. Analia, huyu nyoka! Kaniomba radhi mbele ya watu wote. Kasema hajapata kuona sujudu ndefu kama ile. Nimemsamehe. Nilikuwa bado natafuna.

Ijumaa, 16 Septemba
Pil-gyu katuma ujumbe: nafasi ni yangu mpaka nife. Nimeshinda!

Soksi imegandia kisiginoni. Nimeivua kwa maji ya moto. Nadhani yalikuwa ya moto, sikusikia kitu. Lengelenge limekuwa jeusi na linanuka kidogo. Mal-lyeon kapiga hodi, nikamwambia namalizia kunyoa. Kumbukumbu ya kifo cha baba ni mwezi ujao, na lazima niongoze mimi. Nitamwonyesha baada ya hapo. Wiki nne tu.