Kwenda Katonga kwa Mitumbwi ya Plastiki

Jumatatu, 17 Februari 1997

Habari mbaya sokoni, nikiwa nachagua nyanya. Skolastika wa Gungu kanunua jenereta! Nyumba yake ya wageni sasa ina taa usiku kucha na feni kila chumba. Yangu ina taa za chemli na upepo wa Mungu.

Isingekuwa neno. Tangu vita vya ng'ambo vianze na watu wa Zaire waanze kuvuka ziwa, Kigoma na Ujiji zimejaa wageni wa mashirika mpaka stoo zinapangishwa. Lakini Bwana Jens, anayekaa kwangu chumba cha mbele, anatafuta nyumba moja ya kulaza wafanyakazi wote wa shirika lake, mwaka mzima. Uamuzi ni wake. Na jana aliuliza, kwa upole kabisa, kama Ujiji huwa na joto hivi siku zote.

Nimemwambia ni joto la kupita tu.

Jumanne, 18 Februari

Nimepata dawa ya jenereta!

Uani kwangu kuna mitumbwi sita ya plastiki, rangi ya chungwa, kila mmoja wa kukaa mtu mmoja. Niliachiwa na daktari mgeni aliporudi kwao. Yeye aliiita kayaki. Mmoja naloweka mihogo, mwingine kuku analalia mayai. Bwana Jens aliwahi kusimulia kwamba kwao kila mwisho wa juma yeye na wenzake hupiga makasia pwani kutwa nzima. Basi! Nitaandaa safari ya kundi. Tutoke Ujiji asubuhi, tuzunguke rasi ya Bangwe, tule mchana Katonga, jioni turudi. Skolastika atawapeleka wapi wageni wake? Kuizunguka jenereta?

Nilimweleza Bwana Jens kwenye chai. Kafurahi kama mtoto. Jumamosi ya tarehe mosi, atakuja na wauguzi wake wawili.

Uji umeungua leo. Melania, mpishi wangu, alikuwa amesimama barabarani akisikiliza waliotoka bandarini. Alivuka kutoka Zaire Novemba. Mdogo wake, Bonaventura, walipotezana kwenye gati huko huko, na tangu siku hiyo kila boti likitajwa mwanamke huyu anatamani kukimbilia ufukwe wa Kibirizi kuangalia wanaoshuka. Nampenda Melania. Samaki wake wa mawese Bwana Jens hula amefumba macho. Lakini uji ni uji.

Ijumaa, 21 Februari

Nahitaji mtu wa kutuongoza ziwani. Nimemchukua mdogo wangu Pazi, anayeuza dagaa. Nilimuuliza kama anaijua njia ya Bangwe. Kasema anaijua kama kiganja chake. Nimeridhika.

Vifaa: makasia kamili matatu. Mengine yaliyobaki tumeazima kwa wavuvi, makafi ya mti. Maboya ya kuvaa, mawili tu. Wengine tutafunga madumu matupu ya mafuta ya kula, moja kifuani, moja mgongoni. Pazi alijaribu uani. Alifanana na punda wa kubeba maji, ila sikumwambia.

Melania kaomba ruhusa aende Kibirizi alasiri. Nikamkatalia, kuna nguo za kupiga pasi. Akasema, "Sawa, Mama," akapiga pasi mashuka yote bila kuinua uso. Mashuka hayana hata kunyanzi moja.

Jumatatu, 24 Februari

Msaliti kapatikana, na msaliti ni mimi. Nilimsimulia muuza vitunguu, naye ni jirani wa Skolastika. Leo Skolastika mwenyewe kaja mpaka barazani kwangu, kaleta ndizi, kanisalimu kwa heshima zote. Akasema kasikia kuna matembezi ya ziwani, naye amekulia karibu na maji, atafurahi kuwa nasi. Bwana Jens alikuwa pale pale anakunywa maji. Akasema mtu mmoja zaidi ni furaha zaidi.

Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Mpango mpya: Skolastika apewe mtumbwi wa mihogo. Haunuki vizuri.

Alhamisi, 27 Februari

Mazoezi. Mimi na Pazi, alfajiri, watu wasituone. Nilivaa suruali ya marehemu mume wangu chini ya gauni, mtandio nikaukaza. Nimezaliwa Ujiji, kuelea naelea tangu utotoni. Kumbe kukaa kwenye kile kidude ni jambo jingine. Ukipumua kinayumba. Pazi alipinduka mara alipoketi. Baada ya kumvuta nikamuuliza mara ya mwisho kupiga kasia ilikuwa lini. Akajibu kwamba yeye dagaa huwa anawapokea ufukweni.

Nilidhani anayeuza dagaa analijua ziwa! Lakini tarehe imeshatangazwa.

Chakula kimepangwa. Melania atapika pilau sufuria kubwa na samaki, apande gari la mkaa mpaka Katonga, atungoje. Tukifika, chakula moto. Hapo ndipo Bwana Jens atakapotamka neno mkataba. Nimeshaandaa uso wa kushangaa.

Jumamosi, 1 Machi

Naandika nimejifunika blanketi ambalo si langu.

Kulipokucha Melania alinifuata jikoni. Akasema, "Mama, boti kubwa inakuya leo Kibirizi. Watu wa kwetu kabisa. Niende niangalie tu, nitarudi." Nikamwambia leo siku gani jamani, leo siku gani! Sufuria hili linakwenda Katonga na wewe unakwenda nalo. Alifunga sufuria kwa kitambaa, akapanda gari la mkaa.

Ufukweni wauguzi wawili walipoyaona madumu walikumbuka wana kazi hospitalini. Tukabaki wanne: Bwana Jens, Pazi, Skolastika na mimi. Pazi akashauri tuondoke mapema kabla ya upepo. Lakini nilikuwa na hotuba. Nilieleza historia ya Ujiji, nikaeleza ukarimu wa nyumba yangu, nikagusia kwamba jenereta hupiga kelele. Nilipomaliza jua lilikuwa juu na maji yameanza kukunjamana.

Bwana Jens alitangulia. Alipiga kasia kama anayekata siagi. Sisi watatu tulizunguka. Kwa kweli tulizunguka, kila mmoja mahali pake. Skolastika alinuka mihogo lakini alikwenda vizuri kuliko mimi, jambo lililoniumiza. Tulipoizunguka rasi ya Bangwe upepo wa kusini ukatushika mgongoni. Bwana Jens akakata kulia kuingia Katonga, akatupungia. Sisi tukampungia. Hatukuweza kukata. Kafi langu lilikwenda na maji. Katonga tuliipita tukiiangalia, na mdomo wote wa ghuba ya Kigoma, huku Pazi akisema "tulieni, tulieni" kwa sauti ya mtu anayelia. Hapo niliogopa kweli. Skolastika alinirushia kamba ya mtumbwi wake, nikaishika. Yeye alisali rozari, mimi nikasoma Ayatul Kursi, na Mola akatufikisha wote.

Alitufikisha Kibirizi.

Boti la Zaire lilikuwa limeshafika. Ufukwe mzima watu: akina mama na mabunda, wazee, watoto wamelowa. Sisi tulitoka majini kwa magoti, bila viatu, na madumu vifuani. Kabla sijafuta macho kuna mtu kanifunika blanketi. Kijana mwenye kofia ya mapokezi, wenzake wakimwita Oswald, akanishika mkono taratibu.

"Shikamoo Mama. Pole na safari. Mmetoka wapi?"

"Marahaba. Ujiji."

"Ujiji mtapelekwa wakiruhusu. Nauliza mlikotoka."

"Ujiji!"

"Na mlikuwa mnakwenda wapi?"

"Katonga, kula pilau."

Alinitazama kwa huruma kubwa sana. Akamwambia mwenzake kwamba huyu mama amechoka, apewe nafasi ya mbele.

Skolastika alisema yeye ana nyumba ya wageni Gungu, ina feni. Oswald akasema kila mtu ameacha nyumba, mama, pole. Skolastika akabadili lugha, akamwaga Kiha, lugha ya Kigoma. Oswald akasema hata wa Burundi wanaongea hivyo hivyo. Pazi yeye alikuwa ameshapanga foleni.

Foleni ilikuwa ya chakula. Nikasogea, nini kingine? Nikapewa bakuli la plastiki. Harufu ikanijia kabla ya sufuria. Binzari yangu. Mdalasini wangu! Melania alikuwa amesimama na mwiko, anawagawia watoto pilau langu la Katonga.

Hakuniona. Kila aliyefika mbele yake alimtazama usoni kwanza, halafu ndipo anampakulia. Nilimwangalia akifanya hivyo mtu mmoja mmoja. Mwisho nikafika mimi. Alinitazama usoni vile vile, na nikaona jinsi uso wake ulivyongoja, kisha ukaacha kungoja.

"Mama," akasema. "Hayumo."

Nikalishusha bakuli langu.

Oswald akaja kumuuliza kama ananifahamu. Melania akasema, "Huyu ndiye mama ninayemfanyia kazi. Na yule wa feni ni wa Gungu kweli." Oswald akatuachia pale pale. Alisema Melania wanamjua, hawezi kudanganya, halijapita boti hata moja bila yeye kuja, au kutuma mtu, kumuulizia mdogo wake. Mimi nimezaliwa Ujiji, babu yangu kazikwa Ujiji, nikadhaminiwa na mpishi aliyevuka juzi!

Ningenyamaza. Lakini gari la shirika likasimama, Bwana Jens akashuka amelowa. Katonga hakukuta mtu wala wali, akaita gari kwa redio. Aliliona sufuria, akawaona watoto wanalamba bakuli. Nikaona nisipowahi atadhani hakuna utaratibu. Nikamfokea Melania mbele ya watu wote. Nilimuuliza nani kamtuma na kwa ruhusa ya nani. Skolastika aliinama akachukua mwiko wa pili akaanza kupakua.

Jumapili, 2 Machi

Misuli ya mikono haiinuki. Melania kapika chai, kafagia, kaaga. Kasema Mama Skolastika amempa kazi, na boti likija ana ruhusa ya kwenda. Akanishukuru kwa yote, na kwa kweli alimaanisha. Nikamwambia aende salama. Nikamwambia pia Gungu maji ni ya shida. Akasema, "Sawa, Mama."

Jumatatu, 3 Machi

Nimempikia Bwana Jens mwenyewe. Samaki wa mawese. Alikula macho wazi.

Ijumaa, 7 Machi

Yamekwisha. Bwana Jens kahamia Gungu na shirika zima. Kaniaga vizuri, kasema safari ile hataisahau maishani, na kwamba chakula cha kule kinamfaa. Chakula! Watu waungwana hawapendi kutaja feni.

Nimelifikiria jambo hili kwa kina. Ni jenereta tu. Mwanzoni, katikati na mwisho, ni jenereta.

Pazi kaleta habari nyingine. Boti la Jumatano lilimleta Bonaventura. Yuko hai, mguu una kidonda, kakonda kama mwiba. Melania alikuwa pale majini mpaka magotini kabla boti halijagusa mchanga, na Skolastika nyuma yake kashika viatu vyake. Pazi anasema watu wazima walilia. Wallahi nimefurahi. Nimempelekea kijana mashati mawili ya marehemu na dumu la mawese, na salamu.

Sasa mbele. Leo kaingia mgeni mpya chumba cha mbele, mama mrefu wa shirika la shule, anasema kwao hupenda kuendesha baiskeli milimani. Nimeshamwambia tunaandaa safari ya kundi kwenda Kalinzi, tukaone kahawa. Mlima ni mkali lakini kushuka ni bure. Baiskeli nitaazima. Breki nitamwambia Pazi azitazame, maana rafiki yake ana duka la matairi.

Mpishi mpya anaanza kesho. Ameniuliza kama Ijumaa anaweza kutoka mapema, mtoto wake anaumwa. Nimemkatalia. Lazima mtu awe mkali tangu mwanzo.