Malalamiko Kuhusu Binti Yangu Kupumzishwa kwa Kupandishwa Mlima

Zomba,
Alhamisi, 11 Julai

Kwa Mshauri wa Wanafunzi,
Mheshimiwa Mayi Msosa,

Natumaini barua hii itakukuta mzima na kwamba baridi ya mwezi huu haijakuingia kifuani. Mimi ni Laitoni Makwinja, mbeba mbao. Huenda unanikumbuka: ni yule aliyesimama mlangoni pa ofisi yako Jumanne akiwa na mbao nne, mlinzi akamwambia aziache nje, akakataa, akarudishwa. Nisamehe kwa hilo. Mbao ukiziacha nje mjini hapa, ukirudi unakuta zimeshakuwa kitanda cha mtu. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Enelesi Makwinja, mwaka wa tatu, masomo ya hesabu, ni binti yangu. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na begi lake, akaketi jikoni, akasema amechoka. Nikamuuliza amechoka wapi. Akasema, "Kichwani, baba." Uchovu wa kichwa naujua, ninao mwaka wa kumi na moja sasa, nikamletea ngata yangu mpya ya kubebea mbao. Hakucheka. Akasema kichwa kisipopumzika kabla ya mitihani ya Agosti ataacha chuo, atakuja kubeba mbao na mimi, na tusimlazimishe. Mama yake aliacha kusonga nsima. Usiku ule tulikula nsima yenye mabonge, na nyumbani kwangu jambo hilo huwa halipiti bila maneno, lakini lilipita.

Kesho yake nilimrudisha chuoni mwenyewe. Nikamwambia, nenda kwa wakubwa, wamesoma, watakuwa na dawa. Akaja kwako, nawe ukampa dawa. Dawa yako, Mayi, ni mlima, kila Jumamosi, saa moja asubuhi, pamoja na wanafunzi wenzake ishirini na tisa waliochoka. Kwa heshima zote, nina malalamiko yafuatayo.

1. Mlima wenyewe ni ule ule. Nilidhani mnao mwingine, wa wasomi, lakini nimechunguza na ni huu wetu. Enelesi alianza kuupanda akiwa na miaka saba, nyuma ya mama yake, kufuata kuni. Siku barua ya chuo ilipofika, mama yake aliichukua ile kamba yake ya kufungia kuni akaitia motoni, majirani wakashangilia. Mimi nimebeba mbao miaka kumi na moja ili mtoto huyu asipande tena. Sasa amefika chuoni, mkampima, mkafikiri, mkamwandikia apande.

2. Tangazo lenu. Nimelisoma pale langoni, lenye kichwa "Njia za Mlimani kwa Wanafunzi Wanaohitaji Kupumua". Njia ya kwanza mmeiita rahisi. Ya tatu mmesema ni ya wazoefu. Ya pili, ambayo ndiyo yetu ya kushushia mbao, mmeandika hivi: "Ngumu kiasi. Vitu vya kufurahia: maporomoko ya maji, nyani, wenyeji wachangamfu." Mimi ndiye mwenyeji mchangamfu. Sikuulizwa. Na hata kama ningeulizwa, nisingekubali kuwekwa baada ya nyani, ambao hawajawahi kubeba kitu chochote isipokuwa mahindi yetu.

3. Salamu. Mayi, wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba kwetu huwezi kumpita mtu njiani kama unapita mti. Mtu akikuuliza umeamkaje unamjibu, kisha nawe unamuuliza, kisha anakushukuru. Wanafunzi wako wana adabu sana, hilo nakupongeza. Wako thelathini, na kila mmoja ananiamkia kivyake. Mimi nina mbao sita kichwani, na mteremko unanisukuma mgongoni. Jumamosi ya kwanza niliitikia salamu thelathini nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja, maana wa pili haukuwa na mahali pa kukanyaga. Nyuma yangu walikuwapo wabeba mbao kumi na mmoja, nao wakaamkiwa pia. Mwenzangu Che Malizani, ambaye kwa kawaida ni mtu mpole, alisema, "Waambie nimeamka vizuri, na nikishalala leo nitawatumia habari."

4. Magoti. Hili ndilo lililonitoa usingizini. Jumamosi ya pili, kwenye ile kona ya mwamba, nilikutana na Enelesi uso kwa uso. Aliponiona alipiga magoti kumwamkia baba yake, kama alivyofunzwa, kwenye tope. Sasa wenzake, ambao wengi ni watoto wa Lilongwe na Blantyre, walidhani ni zoezi. Wakapiga magoti wote. Kiongozi wao, yule kijana mwenye filimbi, naye akapiga. Nikageuza kichwa nimtazame mwanangu vizuri, maana tangu Juni sijamtazama vizuri, nikasahau kwamba nikigeuza kichwa na mbao zinageuka. Mbao ni za futi kumi na nne. Zilipopita juu yao wote wakalala kifudifudi. Yule wa filimbi akainuka, akatoa daftari, akasema, "Safi sana. Mgongo unanyooka kabisa."

Tangu hapo limekuwa zoezi rasmi. Kila Jumamosi, kwenye kona ile, wanapiga magoti, wananisubiri nigeuke, wanalala. Jumamosi iliyopita nilichelewa kidogo nikawakuta wameshapiga magoti na wengine wanalalamika kwamba magoti yanauma. Nikaomba radhi.

5. Mizigo. Mlisema asibebe kitu isipokuwa maji. Lakini wenzake huishiwa pumzi mapema, na kuna mmoja, Wongani, anayepanda na mwavuli. Nilimsikia kwa masikio yangu: "Ene dada yangu, wewe mlima huu umekulea, nishikie kidogo tu." Kidogo hicho kilikuwa begi, koti na chupa mbili za kinywaji cha thobwa. Wengine walipoona wakamletea na ya kwao. Binti yangu alinipita akiwa na mabegi manne, moja kichwani, bila kulishika. Che Malizani alisema nyuma yangu, "Laitoni, mtoto keshafaulu usaili. Mtafutie mbao." Wenzetu walicheka hadi chini. Mimi sikucheka. Alikuwa analibeba vizuri, Mayi. Shingo imenyooka, hatua fupi. Alikuwa analibeba vizuri mno.

Hapo ndipo ilipo hofu yangu, na naomba uisome mara mbili. Mtoto amesema akishindwa chuo atakuja kubeba mbao. Nanyi, mnaotaka asishindwe, mnampeleka kila Jumamosi mahali pa kazi akazoee.

6. Kwa kuwa sikusoma sana, nimelifikiria jambo hili polepole. Kama kupanda mlima kunapumzisha kichwa, basi hakuna kichwa kilichopumzika nchi hii kama changu. Nimepanda mara mbili kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka kumi na moja. Kwa hesabu yenu mimi ningekuwa nimepumzika kumzidi mkuu wa chuo. Na kama si kweli, basi mnawadanganya watoto. Moja kati ya haya mawili lazima liwe, na lolote litakalokuwa, nina maombi.

Ikiwa mlima unapumzisha: naomba sisi wabeba mbao kumi na wawili tukabidhiwe mitihani ya Agosti, kwa kuwa vichwa vyetu viko tayari, na wanafunzi wabaki na mbao hadi Septemba. Tutajitahidi. Che Malizani amesema atachukua sheria, kwa kuwa ana kesi ya mpaka na shemeji yake.

Ikiwa mlima haupumzishi: naomba Enelesi apewe kitanda, blanketi zito na mlango unaofungwa, na mtu wa kukaa nje ya mlango kuzuia wanaokuja na maswali ya hesabu. Kazi hiyo ya mlangoni niko tayari kuifanya mwenyewe. Nitasimama na mbao zangu.

Na ikiwa chuo hakiwezi kuamua: naomba mlima ufungwe siku za Jumamosi kwa pande zote, pamoja na nyani, hadi mtakapoamua.

Kwa vyovyote vile, naomba jina la Enelesi Makwinja liondolewe kwenye orodha ya wapanda mlima mara moja, na asionekane tena juu ya njia ile, kwa miguu yake wala kwa dawa ya mtu yeyote. Hilo ndilo ninaloliomba hasa. Hayo mengine ukishindwa nitaelewa.

Nisalimie mumeo na watoto. Nisalimie mlinzi wako wa mlangoni, umwambie sina kinyongo. Nisalimie yule kijana wa filimbi. Mama yake Enelesi anakusalimu, na anasema ukipita sokoni usinunue viazi kwa mtu mwingine.

Wako katika kuheshimu elimu,
Laitoni Makwinja

Nyongeza. Leo ni Jumapili. Barua hii ilikaa mfukoni kwa sababu Ijumaa ofisi yako ilifungwa mapema. Jana Enelesi hakwenda na wenzake. Alikuja nyumbani alfajiri, akasema, "Baba, leo napanda na wewe." Nikamwambia hakuna mbao, ili arudi. Akasema, "Basi tupande bila mbao." Tukapanda. Tulipofika kwenye misonobari akaanza kusema na hakunyamaza. Yalikuwa ya hesabu, sikuelewa hata moja, nikawa naitikia. Juu kabisa akalala kwenye nyasi, akalala usingizi kweli, kutoka saa nne hadi saa nane, mdomo wazi kama alipokuwa mdogo. Sijamwona akilala hivyo tangu Mei. Alipoamka akasema ana njaa, na kwamba leo jioni anarudi chuoni, kuna swali amejua amelikosea wapi.

Mimi nilikuwa nimekaa kumlinda. Kwa kuwa sikuwa na kitu kichwani niligeuza shingo. Mayi, ziwa linaonekana kutoka pale! Chilwa yote, na kisiwa chake. Miaka kumi na moja sikujua. Nilimuuliza Che Malizani jana jioni, akasema ninamdanganya.

Kwa hiyo jina la Enelesi naomba libaki palepale. Chini yake, kama bado kuna nafasi, ongeza mawili: Makwinja, L., na Malizani.