Pini Mbili za Pikapu ya Orval

Jumatatu, 3 Aprili

Tawni anaondoka. Ameniambia huku anatafuna, kama mtu anayesema kesho kutakuwa na upepo. Gereji kubwa huko Idaho imemchukua. Fundi kamili! Wanamtaka Jumatatu ijayo asubuhi. Nikamwambia hongera, mwanangu. Kisha nikaingia stoo, nikakaa juu ya gunia, nikalia.

Mjukuu huyu nimemlea mimi tangu ana miaka mitatu. Shule sikuiona hata dirishani. Baba alinipa kondoo badala ya daftari. Herufi hizi ninazoandika alinifundisha Tawni akiwa darasa la pili, hapa hapa mezani jikoni, akinigonga vidole kwa penseli nikikosea. Na leo aende Idaho kutengenezea watu magari? Utah magari yameisha?

Nimeapa. Haendi.

Jumanne, 4 Aprili

Jirani yangu Nedra alishapata habari kabla sijafungua mapazia. Kasema vijana wakienda Idaho ndiyo basi tena. Mpwa wake amerudi mara moja tu, mama yake alipoanguka ngazini. Wengine wote wako huko kwenye nchi ya viazi, wanavila mpaka wanasahau kwao. Nikamwambia viazi vyake yeye vinamsahaulisha mtu kwao bila hata kusafiri. Akanuna. Nedra haguswi kwenye viazi vyake vya matanga, vile vya jibini juu vinavyopelekwa kila msiba na kila sikukuu.

Mchana Tawni akanipeleka miambani, kupanda majabali kwa gari, mara ya mwisho kabla ya safari. Wiki ya Pasaka, kila jabali lina mgeni na gari lake refu. Sisi tuna pikapu ya marehemu mume wangu Orval. Tawni ndiye aliyeiongeza kimo, akaitia magurudumu makubwa. Tulipofika kwenye kokoto, lami inapoishia, akashuka akachomoa pini za stabilaiza. Hicho ni chuma kinachounganisha magurudumu ya mbele ili gari lisilale kwenye kona. Barabarani ukikikosa utajuta. Miambani kinakubana, maana kila gurudumu linataka kupanda lake. Basi ukiingia unakifungua, ukitoka unakifunga. Pini mbili tu, kwa mkono. Hata bibi kizee anaweza.

Hata bibi kizee anaweza! Wazo hilo lilinijia gari likiwa limeinama juu ya jabali, nimekumbatia mlango.

Tuliporudi kwenye kokoto akarudishia matairi upepo alioupunguza, akafunga chuma chake, akakivuta mara mbili kuhakikisha. Nikamuuliza kama hajawahi kusahau. Akacheka. "Bibi, siku nikisahau hiyo, natupa spana nikauze soksi."

Jumatano, 5 Aprili

Mpango uko tayari. Nachomoa pini. Jumamosi anaanza safari kwa pikapu hiyo, anatoka getini, inayumba kama mlevi, anarudi. Ataifungua yote kutafuta ugonjwa. Namjua, haachi kitu nusu. Jumatatu itapita, gereji itachukua mtu mwingine. Wa kuumia hayupo. Kutoka getini mpaka lami ni vumbi na mashimo, hakuna anayekimbia.

Nikajilaza chini ya gari kufanya mazoezi. Kuingia niliingia. Kutoka ndiyo kazi. Nedra akaona miguu yangu, akapiga yowe, kadhani nimekufa. Nikamwambia namtafuta paka. Akasema mimi sina paka. Nikamwambia ndiyo maana simwoni.

Alhamisi, 6 Aprili

Tawni alichukuliwa na marafiki zake wakaagane. Nikafanya kazi yangu. Pini zimetoka kama meno ya utotoni! Nilitaka kuzitupa mtaroni, mkono ukakataa. Orval alikuwa akisema kifaa hakitupwi. Nikazirudisha kwenye mfuko wake wa ngozi nyuma ya kiti, mahali pake. Ncha za chuma chenyewe nikazifunga juu kwa kamba zisigonge, kama afanyavyo Tawni akienda miambani. Nadhifu. Nikajisifu.

Ijumaa usiku naongeza hapa: unadhifu wangu huo! Laiti ningekuwa mchafu.

Ijumaa, 7 Aprili

Nilikwenda kutengeneza nywele za Pasaka. Narudi, uani hakuna pikapu. Tawni kasema Nedra ameiazima, anapeleka kanisani meza na trei za viazi.

 Nikasema tumfuate. Akauliza kwa nini. Nikasema Nedra anaendesha vibaya. Akasema, bibi, hilo linajulikana mpaka kwa polisi. Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nikafungua mdomo, yakatoka: vaa koti.

Tulikwenda kwa gari letu dogo, tukamkuta kwenye kona ya mtoni. Pikapu ililala upande, naye akapigana nayo, ikaacha lami ikaingia kwenye mtaro wa kumwagilia shamba. Imesimama kwa magurudumu yote manne, ashukuriwe Mungu. Nedra alikuwa ameketi ukingoni, kifundo cha mkono kimeteguka, jibini kwenye nywele. Aliponiona akafoka, "Arvilla wee, gari la mumeo lina pepo!"

 Tawni akapiga magoti, akachungulia chini ya gari. Akaona chuma kimefungwa juu kwa kamba. Alipoinuka, uso ulikuwa umempauka.

Akasema, "Nilisahau kufunga." Kisha, kwa sauti ndogo: "Ningemuua."

Na mimi? Nilikuwa namtoa Nedra viazi masikioni.

Jumamosi, 8 Aprili

Nimeshinda. Haendi.

Amewapigia gereji mwenyewe, akawaambia watafute mwingine, yeye si wa kuaminiwa na gari la mtu. Hakulia. Spana zake amezisukuma chini ya kitanda, sanduku zima. Kisha akaja jikoni, akaniuliza soksi zangu zilizotoboka ziko wapi, anishonee.

Soksi!

Nilimpikia paja la nguruwe na mikate laini. Hakula. Alikuwa anaitazama mikono yake kama ya mtu mwingine. Mikono hiyo ndiyo iliyokishika kidole changu kunionyesha herufi ya kwanza. Nilitaka Tawni akae mezani pangu, na ameketi. Lakini yule si Tawni.

Usiku huu silali.

Jumapili, 9 Aprili. Pasaka.

Nimesema. Nilisema nimesimama, nimeshavaa kofia ya kanisani, maana ningekaa ningejihurumia. Nikamwambia hukusahau, mwanangu, pini nilichomoa mimi. Hakuamini. Alidhani namfariji. Ikabidi nilale chini ya pikapu na gauni la Pasaka nimwonyeshe kamba. Tangu pikapu ivutwe kutoka mtaroni hakuna aliyeigusa. Fundo ni langu, la kufungia miguu ya kondoo. Yeye hafungi hivyo.

Akalitazama fundo.   Akanivuta kwa miguu nikatoka, akanipangusa vumbi mgongoni, kwa nguvu kuliko vumbi lenyewe. Akauliza kwa nini sikumwambia tu asiende. Nikamuuliza kama angebaki. Akasema hapana. Nikasema basi ndiyo hiyo sababu.

Tawni alimpigia mwenye gereji, akamkuta katikati ya chakula chake cha Pasaka. Alipoelezwa, alicheka mpaka nikamsikia nikiwa kwenye sinki. Kasema fundi aje. Bibi asije.

Kwa Nedra nilikwenda kwa miguu, kofia mkononi. Kasema miaka yote alijua mimi ni mshenzi, alikuwa anangoja ushahidi tu. Kisha akanipa trei ya viazi. Vitamu, Mungu anisamehe. Sikumwambia.

Tawni aliikagua pikapu yote. Bampa tu imepinda. Akafunga pini mbele ya macho yangu, akavuta chuma mara mbili, akaingia, akaondoka. Hakunikumbatia. Nilibaki getini na mikono imefunguka.

Jumatano, 12 Aprili

Nyumba kimya. Friji tu ndiyo inaongea.

Tawni alipiga simu jana. Kazi nzuri, chumba kidogo, viazi kila siku. Aliuliza kama nakula. Sauti bado ina baridi, lakini aliuliza. Kasema atakuja Juni.

Nimeapa mbele ya Nedra, mkono juu ya Biblia: gari la mtu siligusi tena mpaka naingia kaburini. Nimejifunza. Umpendaye humfungi kwa hila, ataumia yeye kwanza, na wewe utabaki unamtazama. Nedra kasema amina.

Ila Juni ni mbali.

Na yule mpwa wa Nedra, mama yake alipoanguka, alifika siku hiyo hiyo! Leo nimezikagua ngazi za nyuma. Ya pili kutoka chini ni fupi, na chini yake kuna nyasi. Nitaanguka Ijumaa, nikishaanua nguo. Nedra atapiga simu, mkono mmoja unamtosha. Tawni atakuja mbio. Na kona ya mtoni haitanitia hofu, maana pini alizifunga mwenyewe, nikiona.